Mtu Mmoja Nyuma ya Pazia

Kwenye hitima ya Bi Rahma nilikaa karibu na mlango, kama ilivyo desturi yangu, maana mtu wa shaka hukaa pale anapoweza kuona nani anaingia, nani anatoka, na nani anamnong'oneza nani. Juzuu zilikuwa zimeshakusanywa, na harufu ya udi ilikuwa imechanganyika na ya wali wa nyama uliokuwa ukipakuliwa uani. Zeyana, binti wa marehemu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja kuketi ubavuni mwangu, akanishika mkono na kuwaambia wanawake waliokuwa karibu: "Mnamuona Bi Asya huyu? Mama alikuwa akisema hajapata kuona mcha Mungu kama yeye. Kila akija kututazama, kafunga. Hata siku ambazo hakuna mtu duniani anayefunga, yeye kafunga." Wanawake wakasema mashaallah. Mimi niliinamisha kichwa, na wao wakadhani ni unyenyekevu. Nilikuwa naona haya. Katika miaka karibu arubaini niliyokuwa nikimtembelea Bi Rahma, sikufunga hata mara moja kwa ajili ya Mungu. Nilifunga kwa ajili ya kikombe chake.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja tu, miaka michache kabla ya vita vile vya Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani. Nilikotoka, na kwa nini nililelewa na mama mkubwa, si habari ya kuwachosha watu. Inatosha kwamba nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimeshaposwa na mtu wa Mkokotoni nisiyemjua hata kwa sura, na nilikuwa nikiishi mtaa wa Kiponda, mjini Unguja, katika nyumba ya Mzee Suleiman, mume wa mama mkubwa Bi Zuwena. Chini ya nyumba kulikuwa na ghala iliyopangishwa kwa mfanyabiashara wa mchele. Kwa sababu ya mchele kulikuwa na panya, na kwa sababu ya panya kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na sumu yake, imefungwa katika kitambaa na kuwekwa juu, mahali ambapo mtoto hafikii. Serikali yenyewe ilihimiza, maana watu waliogopa tauni. Juu ndiko tulikokaa wanawake: ukumbi mrefu mwembamba wenye boriti nyeusi, zidaka za ukutani zenye sahani za Kichina ambazo Bi Zuwena hakuruhusu mtu azifute ila yeye, na dirisha moja la kutazama uchochoro, ambapo ukinyamaza unasikia mazungumzo ya nyumba tatu. Nilijifunza mengi katika dirisha lile. Nilijifunza kwamba mtu akisema "mie sisemi kitu" ndipo anapoanza kusema, na tangu hapo maneno matupu hayajawahi kunitosha.

Bi Rahma alikuwa dada yake Mzee Suleiman. Alirudi kwa kaka yake baada ya kumaliza eda ya mumewe, na kasha moja, mkeka wa kusalia, na Zeyana, aliyekuwa mdogo wa kushikilia nguo ya mama yake. Mumewe aliumwa na tumbo, na hata wiki haikutimia akazikwa. Watu wa uchochoroni walilitaja tumbo hilo kwa namna ya watu wanaotaka uwaulize zaidi. Siku ile ya kwanza mimi ndiye niliyemsaidia kupanga vitu vyake, na katika kasha, chini ya kanga, nikaona kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Alikitoa bila ya kusema neno, akakipandisha juu ya kabati. Kilikuwa sumu ya panya, kama ya kila nyumba. Lakini niliona, na mimi nikishaona kitu sisahau.

Alikuwa na tabia moja ambayo sijaikuta kwa mtu mwengine. Alikuwa akijibu kwa kuchelewa. Ukimuuliza asubuhi kama sukari imemtosha, alikutazama kwa upole, akaendelea kushona kofia yake. Halafu alasiri, wewe umeshasahau, unachambua mchele, anakwambia: "Imenitosha." Hakuwa kiziwi wala hakuwa mzito wa akili, kwani kofia zake zilikuwa na nakshi zisizokosea hata tundu moja. Maswali kwake yalipanga mstari tu, na kila moja likangoja zamu yake. Mwanakombo, aliyekuja kila siku kutoka Ng'ambo kupika na kuchekesha, kazi mbili alizozijua sawasawa, alikuwa akisema: "Ukimwamkia Bi Rahma leo, marahaba ataipokea mjukuu wako." Wengine walisema ni kifo cha mumewe kilichomfanya hivyo. Bi Zuwena alisema wifi yake yuko hivyo tangu utotoni. Mimi sikujua nimwamini nani, kwa hiyo sikumwamini yeyote.

Taabu ililetwa na shemeji yake, Bwana Khalfan, ndugu wa marehemu. Alimtaka Zeyana. Alikwenda kwa kadhi akadai kwamba mama wa mtoto amerukwa na akili, anazungumza na watu wasiokuwepo, na sheria haimpi mwendawazimu kulea mtoto. Kusema kweli Bi Rahma hakuzungumza na watu wasiokuwepo. Alikuwa akiwajibu watu waliokwisha ondoka. Lakini nani angelijua hilo ila aliyekaa naye? Kadhi akasema wazimu hauthibiti kwa kauli ya mdai peke yake, aletwe mtu wa kumpima. Na Bwana Khalfan, ajabu, mtu huyo alikuwa naye tayari, tena kampangisha chumba katika nyumba yake mwenyewe.

Alikuwa Mdachi, na mji mzima ulimwita Bwana Saa. Si tabibu wa homa wala wa vidonda. Alijiita mtaalamu wa elimu ya nafsi, na chombo chake kikubwa kilikuwa saa ya mfukoni yenye kitufe: ukikibonyeza, mshale mmoja mwembamba unakimbia, ukikibonyeza tena, unasimama. Wengine walisema ni mpelelezi, anawapima Waunguja ili Wadachi wajue kama tutapigana. Wengine walisema anahesabu vichwa kwa ajili ya kodi. Mwanakombo aliapa kwamba ananunua ndoto na kuzisafirisha kwao kwenye makasha. Kiswahili chake alijifunza Ulaya kabla hajaliona jani la mnazi, na kilikuwa sahihi mno, kiasi cha kutia shaka. Siku alipokuja kuzungumza na Mzee Suleiman, walikaa chini kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, wakaletewa kahawa na halua, na mimi nikakaa kwenye ngazi pale zinapopinda.

"Wenzangu kwetu," alisema Bwana Saa, "wanapima watu mia, wanajumlisha, wanagawa, wanapata mtu mmoja. Mtu huyo hana mama wala hana mtaa. Hajazaliwa. Mimi nimechoka naye. Nataka kumjua mtu mmoja aliye hai, jinsi alivyo yeye peke yake."

"Mmoja tu, Bwana?" akasema Mzee Suleiman. "Hiyo kazi kubwa. Mie na mke wangu huu mwaka wa ishirini, na kwanza ndo nnaanza."

Nilipanda juu kuhadithia. Bi Zuwena alikuwa akifuta sahani zake, hakugeuka. "Mtu anayetaka kukujua wewe peke yako," akasema, "ama anataka kukuoa, ama anataka kukuuza." Lakini Mzee Suleiman alikuwa ameshakubali, kwa sababu kukataa kungeonekana ni kuficha. Masharti yake yalikuwa mawili: apimwe nyumbani, nyuma ya pazia, na wanawake wa nyumba wawe pamoja naye. Mdachi alishukuru kama aliyepewa zawadi. Alisema atakuja kila baada ya siku mbili, mpaka amjue.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi hata ikatutisha. Anakaa upande wa pili wa pazia, anasema neno moja, anabonyeza saa. Aliye ndani anatakiwa aseme neno la kwanza linalomjia, na saa inasimamishwa. Siku ya kwanza alisema "maji." Bi Rahma akalitazama pazia kwa upole. Saa ikaenda. Tuliisikia, tiki tiki tiki, kama panya anayeguguna mlango. Mdachi akasema "moto." Kimya. "Nyumba." Kimya. Tukasikia kalamu yake inakwaruza, na hapo sote watatu tulifahamu kwamba anaandika wazimu. Bi Zuwena alikuwa na mtoto Zeyana mapajani, na nikaona mikono yake inambana mtoto mpaka akalalama. Mdachi akasema "mkate," na Mwanakombo akavuta upindo wa kanga mdomoni, akasema kwa sauti ya chini: "Siagi."

Lazima nieleze hapa jambo ambalo Mdachi hakulijua. Mwanamke wa heshima, akisema na mwanamme asiyekuwa wake, huziba mdomo kwa upindo wa nguo na kuishusha sauti, na sauti za wanawake zikishushwa hivyo hufanana. Basi kuanzia siku ile ikawa mwenye nafasi ndiye Bi Rahma. Mwanakombo kama jikoni hakuna kitu motoni, Bi Zuwena kama Mwanakombo yuko sokoni, na mimi kama wote wawili wana shughuli. Bi Rahma mwenyewe alikaa pale pale kati yetu, anashona. Hatukuona kwamba tunadanganya. Mzee Suleiman aliapa kwa Mdachi kwamba dada yake yuko nyuma ya pazia, na kweli alikuwepo. Kwetu sisi mtu wa nyumbani akiulizwa jambo na mgeni akashindwa, aliye karibu humjibia; ndiyo maana ya kuwa na watu.

Na nisiseme uongo, tulianza kupenda. Hakuna mtu aliyewahi kukaa nje ya pazia akangoja kwa hamu neno langu. Aliposema "bahari" nilisema "mbali." Aliposema "harusi" nilisema "giza," kisha nikashangaa kwamba nimesema. Bi Zuwena, niliyemjua kwa kukemea tu, alisema maneno yaliyonifanya nimtazame upya. Aliposikia "kitanda" alisema "mgongo," na akageuka asionekane uso. Tulipotoka kwenye pazia hatukuyataja. Lakini wakati wa kula nilianza kumwangalia kila mtu kwa pembe ya jicho, najiuliza kumbe ndani ya huyu mna nini, na nikajua na wao wananitazama hivyo hivyo.

Halafu ikaja siku ya neno lile. Siku hiyo tulikuwepo sote, na uani watu walikuwa wakitwanga. Mdachi alitaja maneno mengi ya nyumbani, sahani, panya, kamba, kisima, na Mwanakombo alikuwa akiyajibu mbio mbio. Kisha akasema: "Mume." Kabla Mwanakombo hajafungua mdomo, ikatoka sauti ya chini, nyuma ya upindo wa kanga, ya nani sikuona: "Sumu."

Saa ikasimama. Kalamu ikakwaruza kwa muda mrefu. Bi Zuwena akamtolea macho Mwanakombo, Mwanakombo akanitolea macho mimi, na mimi nikamtazama Bi Zuwena, mwenye mume chini barazani. Bi Rahma alikuwa akishona. Mdachi alipoondoka Mwanakombo aliapa kwa mtoto wake kwamba si yeye. Mimi nikaapa. Bi Zuwena akasema yeye haapi kwa upuuzi, na kukataa kwake kuapa ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi. Wiki ile tulikula muhogo wa nazi na papa mkavu kwa kimya ambacho hakijapata kuwepo katika nyumba ile, na nikawa natazama nani anapakua, na kwa mkono gani. Mara moja tu ilinipitia kwamba huenda ni Bi Rahma mwenyewe, nikakitazama kile kitambaa juu ya kabati. Nikaona kimesogea. Labda hakikusogea.

Tuliitwa kwa kadhi asubuhi ya Jumatano. Wanaume walikaa barazani, na sisi wanawake tukawekwa chumba cha pili, mlangoni pazia. Zeyana alikuwa nje kwa mjomba wake, na Bwana Khalfan alikuwa amemletea viatu vipya, jambo lililomfanya Bi Zuwena aume meno. Bi Rahma alikaa mikono mitupu, kwa mara ya kwanza bila ya kofia ya kushona. Nikaona vidole vyake vinakwenda kwenye goti, juu chini, juu chini, vinashona hewa. Hapo nilijua kwamba anaogopa, na kwamba kila kitu anakifahamu.

Bwana Saa akasimama. "Bibi huyu si mmoja," akasema. "Ndani yake wanakaa watatu, labda wanne. Wa kwanza ni mcheshi, anajibu kabla sijamaliza neno, na karibu kila kitu kinamkumbusha chakula. Wa pili ni mkali. Ana kinyongo cha siku nyingi, amechoka, na anaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kumshukuru, hasa mumewe. Wa tatu ni kama msichana, mwoga, anaogopa kuolewa ingawa ameshaolewa, na anamshuku kila mtu kwa sababu anatamani sana kumwamini mmoja. Watu hawa hawajuani."

Moto ulinipanda usoni. Mpaka leo hakuna aliyenieleza vizuri kama vile. Nikawatazama wenzangu, na nikaona Mwanakombo hacheki, na Bi Zuwena amefumba macho. Mdachi alikuwa ametujua sote. Asiyemjua alikuwa mmoja tu, yule aliyemtafuta.

"Na wa nne?" akauliza kadhi.

"Wa nne amesema neno moja tu. Nilitaja mume, akasema sumu."

Bwana Khalfan aliruka kutoka mkekani. "Mmesikia? Ndugu yangu kafa kwa tumbo! Mie nilikuja kudai mtoto, kumbe nidai damu!" Baraza nzima ikavuma. Tulikuwa tumeingia nyuma ya pazia ili mtoto asitoke mikononi mwa mama yake, na sasa tulikuwa karibu kumtoa mama mwenyewe.

Kadhi akanyamazisha watu. Alimgeukia Mdachi. "Unasema bibi huyu ana mapepo?"

"La, sheikh. Hakuna mapepo. Ni yeye mwenyewe, amegawanyika."

"Maana mwenye pepo," akasema kadhi, "pepo wake hutaja jina. Hawa wako wana majina?"

Mwanakombo akasimama kando yangu, na safari hii hakuziba mdomo. "Wanayo, sheikh. Wa kwanza anaitwa Mwanakombo binti Juma, anakaa Ng'ambo, na kaacha chungu motoni."

Watu wakacheka, lakini mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilijua nani anafuata na nani amekaa barazani kumsikiliza. Bi Zuwena alijinyoosha kanga. "Wa pili," akasema, kwa sauti yake ileile ya kukemea, "ni mke wa Suleiman. Na niliyoyasema nshayasema." Hakuna aliyecheka tena. Kupitia tundu la pazia nilimwona Mzee Suleiman akikivua kilemba chake, akakitazama, akakivaa tena. Nikasema na mimi, sijui kwa ushujaa gani, "Wa tatu ni mie, Asya," nikijua kwamba watu wa mchumba wangu watasikia kabla ya adhuhuri.

"Na wa nne?" kadhi akauliza. "Bi Rahma, neno lile ni lako?"

Bi Rahma akalitazama pazia. Tukangoja. Vidole vikashona goti. Bwana Khalfan akasema, "Mnaona? Hana la kusema." Kadhi akangoja zaidi kidogo, akashusha pumzi, kisha akaita kesi iliyofuata, majirani wawili wa Malindi waliogombana kwa sababu mfereji wa mvua wa mmoja unamwaga maji kwenye ukuta wa mwenziwe. Wakaeleza wote wawili, kwa kirefu na kwa matusi ya adabu. Ilipofika mahali ambapo mwenye ukuta anaapa kwamba nyumba yake imeota majani, sauti ya Bi Rahma ikatoka nyuma ya pazia, ya pole, wazi, haikuzibwa na kitu.

"Langu. Aliniuliza panya."

Mwenye ukuta akanyamaza mdomo wazi. Kadhi akamtazama Mdachi. Mdachi akapekua karatasi zake, na nikamwona shingo yake inageuka nyekundu. "Ni kweli," akasema. "Nilitaja panya kabla ya mume. Maneno kadhaa kabla."

"Na panya ulijibiwa nini?"

"Paka."

"Hilo la kwangu," akasema Mwanakombo.

Kadhi akaagiza kahawa. "Bi Rahma," akasema, "nyumba ya kaka yako ina panya?" Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwengine aliyewahi kulifanya mbele yangu: alingoja. Alikunywa kikombe, akaongezewa, akamaliza shauri la mfereji, akakuna ndevu. "Wanakula mchele wa chini," ikasema sauti. "Na mtoto wako anapenda chakula gani?" Kikombe kingine. "Mkate wa kumimina, ukingo wake tu." Mzee Suleiman alikuwa akifuta macho waziwazi. Kadhi akamwambia Khalfan kwamba mwenye kuchelewa si mwenye kupotea, mtoto abaki kwa mama yake, na mwenye kudai damu alete shahidi, si saa. Khalfan hakuwa na shahidi. Viatu alivichukua akaondoka navyo.

Usiku wa siku hiyo Mzee Suleiman alipanda kula juu nasi, jambo asilolifanya kila siku. Alionja, akasema bila ya kuinua uso: "Mkali, n'sogezee chumvi." Bi Zuwena akamsogezea. Baada ya kitambo akasema tena: "Ahsante." Sijui kama wasomaji wataona kitu katika neno hilo. Mimi nilimwona mama mkubwa akisimama kwenda kufuta sahani ambazo zilikuwa zimeshafutwa. Ama Bwana Saa, alikuja mara moja tu, akasimama nje ya pazia, akaomba kuanza upya, safari hii na Bi Rahma peke yake, na saa ataiacha nyumbani. Hakujibiwa. Alingoja mpaka adhana ya magharibi, akaaga, na kabla ya mwezi kwisha akapanda meli. Alikuwa ameshafika kwao, nadhani, siku ile tulipokuwa tukipukuchua mbaazi na Bi Rahma akasema, "Aje." Mwanakombo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilimhurumia Mdachi, na nilishangaa kumhurumia.

Sasa nifike kwenye lililo langu. Watu wote walitoka kwa kadhi na furaha, nami nikatoka na shaka. Niliwaza hivi: jibu la panya lilikuwa zuri, lakini lilikuwa zuri mno. Mtu mwerevu, akipewa muda wote wa kesi ya mfereji, hawezi kulitunga? Nilikikumbuka kile kitambaa ndani ya kasha. Nilikumbuka tumbo la siku chache. Wiki ile tulikuwa juu, kwenye sakafu ya paa, tunaanika nguo, mimi na yeye tu, na jua kali, na nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza wazi: "Bi Rahma, ulimtia sumu mumeo?" Alinitazama kwa upole. Akatandaza shuka. Nilisimama kidogo, kisha nikaogopa jibu lenyewe, nikabeba kapu langu nikateremka ngazi mbio. Sikukaa peke yangu naye tena mwaka ule. Posa yangu iliahirishwa, ikarudi, nikaolewa Mkokotoni na mtu mwema, nikarudi mjini mjane, na kila nilipokwenda kumtazama Bi Rahma nilipenda kukaa naye, nilipenda kimya chake, nilimpenda yeye. Lakini akija mtu na kikombe nilisema: nimefunga.

Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, wiki chache kabla hajafa. Alikuwa kitandani, amebaki mikono na macho. Zeyana alileta chai ya maziwa na kipande cha mkate wa kumimina. Nikasema nimefunga, naye akasema mashaallah, akaviweka juu ya kigoda na kutoka. Tulikaa. Nilimsimulia habari za mtaa, nani kahama, nani kauza nyumba. Akafumba macho, nikadhani kalala, nikaanza kuvaa buibui langu.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, Bi Rahma?"

Ilimchukua muda kujibu, na safari hii nilikaa. Chai ilitoa moshi mpaka ikaacha. "Sikumtia kitu," akasema. "Uliniuliza kule juu, tunaanika nguo. Wengine wote walijijibu wenyewe. Wewe peke yako uliuliza." Akavuta pumzi. "Halafu hukungoja."

Nililia kama mtoto, mtu mzima mimi, buibui nusu mwilini. Nilimwambia anisamehe, na sikujua kama msamaha huo utanifikia nikiwa hai. Lakini Bi Rahma hakuchelewa. Aliinyoosha ile mikono yake ya kushonea, akakisukuma kikombe kwa ncha za vidole mpaka ukingoni mwa kigoda, mbele yangu.

"Haya," akasema, "futuru, mwanangu."

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua liko wazi dirishani, na chai imepoa. Nikafuturu.